Bomba la gesi Dar mpaka Mombasa, kwanini lisipite baharini?

KijanaWaKinyerezi

Wakuu habari za jioni. Hili swali tumebishana kijiweni mpaka watu wakanuniana, nimeona nilete huku kwa wenye uelewa.

Mei 2021 mama Samia alienda Nairobi, wakasaini na Uhuru makubaliano ya kupeleka gesi asilia yetu Mombasa. Oktoba 2022 Ruto naye akaja Dar, ikarudiwa hadithi ile ile kwamba mradi uharakishwe. Njia iliyokuwa inatajwa ni ya nchi kavu, Dar Tanga Mombasa, kama kilomita 600 hivi. Sasa mi nikiangalia ramani naona Dar iko baharini, Mombasa iko baharini, ukivuta mstari hapo ni kilomita 300 na kitu. Kwanini wasilitandike bomba chini ya bahari wakaachana na fidia za minazi, makaburi, viwanja vya watu, kuvuka Wami na Pangani, kupita Saadani na kadhalika? Bomba la gesi la Songo Songo si liko chini ya maji tangu 2004 na hatujasikia kelele?

Na la pili, hivi vitu huwa vinapangwaje? Nani anaanza, serikali au kampuni? Maana tunasikia wamesaini halafu kimyaaa miaka inapita. Mwenye kujua atiririke, asiyejua naye achangie ila kwa adabu.

ChapatiMaji

Fidia ya baharini utamlipa nani sasa, papa na pweza? Mi naunga mkono hoja lipite huko huko 😂

Survea_Pwani

ChapatiMaji bahari ina wenyewe, nitafika huko. Ngoja nianze na mtoa mada.

Mkuu hizo kilomita 300 za kwenye ramani zisahau kwanza. Bomba la baharini halifuati mstari wa rula, linafuata sakafu ya bahari inavyoruhusu. Kutoka Dar kwenda juu usawa wa Bagamoyo mpaka Saadani uko ndani ya mlango wa Zanzibar, maji mafupi ya makumi ya mita tu, mchanga mwingi na matumbawe hapa na pale, hapo hata mimi nikipewa hela nalaza bomba. Shida inaanza ukishapita Pangani. Kati ya kisiwa cha Pemba na bara kuna shimo, maji yanashuka mpaka mita 800 hivi, na toka kwenye miamba ya Tanga kuingia kwenye hicho kina huendi taratibu, unateremka ghafla. Kwa hiyo una njia mbili, ubane pwani au uzame.

Ukibana pwani unaingia moja kwa moja kwenye Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, ile ya toka Pangani kuja Tanga iliyotangazwa 2009. Silikanti ni yule samaki ambaye wazungu walidhani ameshakwisha duniani mamilioni ya miaka, wavuvi wa Kigombe wakawa wanamtoa kwenye nyavu za papa. Jaribu kuwaambia wafadhili wa kimataifa unataka kuchimba mtaro hapo uone. Ukichomoka hapo unakutana na ghuba ya Tanga ambako bomba la mafuta ghafi la Hoima Uganda, EACOP, linaishia Chongoleani, maana yake meli kubwa zitakuwa zinaingia na kutoka na kutia nanga. Ukivuka mpaka tu unakutana na hifadhi ya Kisite Mpunguti upande wa Shimoni.

Ukizama kwenye kina napo kuna mambo yake. Kwenye mteremko sakafu haiko sawa, bomba linabaki linaning'inia kati ya mwamba na mwamba, mkondo unapita chini yake na juu yake, linatetemeka usiku na mchana mpaka chuma kinachoka. Na mkondo wa kwetu unakwenda kaskazini mwaka mzima, kipindi cha kusi ndo unakuwa mkali kabisa. Sio kwamba haiwezekani, Waalgeria wana bomba la Medgaz linaenda Hispania limeshuka zaidi ya mita 2,100, na la Urusi kwenda Uturuki chini ya Bahari Nyeusi ni hivyo hivyo. Inawezekana. Ila kule wana wanunuzi wa kubeba gharama hiyo.

Kuhusu inavyopangwa, kazi ya kwanza ni ya mezani, unakusanya chati za bahari, matetemeko, njia za meli, mikongo, maeneo ya uvuvi, unachora korido mbili tatu. Ndo inakuja meli ya survei, inapita inapima kina kwa mawimbi ya sauti, inapiga picha ya sakafu kwa sona, inachukua sampuli za udongo. Korido pana inapunguzwa, inapunguzwa, mpaka unabaki na mstari. Watu wanadhani mstari ndo unaanza, kumbe ndo unamalizia.

Na usisahau mikongo ya intaneti. SEACOM ya 2009 na EASSy ya 2010 zote zinatua Dar na Mombasa. Kila unapoukatiza mkongo unatakiwa kukubaliana kwa maandishi na mwenye nao, unaweka magodoro ya zege katikati ili bomba lisiulalie. Mkono mmoja wa mkongo ukikatika unajua mwenyewe bando linavyokuwa.

Haya, wenye bahari. Kila kijiji cha pwani huku kina BMU, yaani kikundi cha wanakijiji cha kusimamia ufukwe na uvuvi, kina wavuvi wa madema, wa nyavu, kina mama wa mwani. Meli ya kulaza bomba ikiwepo hakuna mtu kusogea, na wakati mwingine hata baada ya kuisha kuna ukanda haufanyiwi uvuvi. Hao wote wanaandikwa, wanahesabiwa, wanalipwa. Tofauti na shamba ni kwamba shamba lina mipaka na hati, bahari mtu anakwambia babu yangu alikuwa akitega pale, na ni kweli alikuwa akitega pale.

Welda_Mstaafu

Amesema vizuri Survea. Mimi niongeze upande wa kazi yenyewe maana nimekula chumvi kwenye meli za kulaza bomba huko Ghuba ya Uarabuni kabla magoti hayajanisaliti.

Vijana mnaona bomba mnafikiri limejaa gesi basi litazama lenyewe. Halizami! Chukua paipu la inchi 24, kila mita moja inasukuma pembeni karibu kilo 300 za maji ya bahari. Chuma chenyewe kama unene wake ni milimita 16 ni kilo 230 na kitu kwa mita. Gesi ndani haina uzito wa kukusaidia. Piga hesabu, linaelea. Ndo maana kila kipande kinavishwa koti la zege kabla hakijapanda melini, na hilo zege lina kiwanda chake nchi kavu, lazima kiwanja kiwe karibu na bandari, cha kutosha kupanga mapaipu maelfu na maelfu kama kuni. Hapo tu kwenye mipango kuna swali, kiwanja kiwe Tanga au Mombasa? Nchi zitagombania maana ajira ziko hapo.

Melini paipu lina mita 12. Linaingia kwenye mstari, kituo cha kwanza mnapiga mzizi wa weldingi, linasogea hatua moja, kituo cha pili mnajaza, cha tatu mnajaza, mbele huko wanalipima kwa altrasonik, likiwa na kasoro linakatwa au linarekebishwa na meli nzima inasimama inakusubiri wewe na aibu yako. Likipita wanapaka kinga kwenye maungio, linateremka nyuma ya meli juu ya mkono wa chuma mrefu, linashuka baharini likiwa limepinda kama herufi S. Kuna mashine zinalishika lisichomoke kwa uzito wake. Siku nzuri mnakwenda kilomita mbili tatu. Siku bahari imechafuka mnakaa mnacheza karata na kampuni inalipa meli ile ile bei ile ile.

Hiyo ndo inayoua bajeti. Kwa pwani yetu huwezi kusema tunaanza mwezi wowote. Unapanga kuanzia maleleji ya mwisho wa mwaka, upepo ukitulia, mpaka kaskazi, kusi ikianza kuvuma uwe umeshatoka kwenye maji ya wazi. Ukichelewa kibali mwezi mmoja umechelewa mwaka, kwa sababu meli zenyewe duniani hazizidi za kuhesabu na zimeshakodiwa kwingine.

Halafu Songo Songo usiifananishe kaka. Lile la 2004 la inchi 12 ni kilomita 25 tu majini ndo linatokea Somanga, na lile jipya la 2015 nalo upande wa baharini ni kipande kifupi. Ni maji mafupi, nchi moja, mwenye nyumba mmoja. Hapo huvuki mpaka wa mtu.

KijanaWaKinyerezi

Aisee sikujua kama linaelea 🙌 Wazee wangu asanteni. Ila bado sijajibiwa kimoja, mbona nchi nyingine wanaweza? Afrika kuna mfano wowote wa bomba la gesi la baharini lililovuka mipaka au ni Ulaya tu?

TemaMpakaTanga

Upo mkuu na mimi nimeishi nao. Nilikuwa Tema, Ghana, kikazi, na lile bomba lilikuwa linatuamulia kama usiku tunalala na feni au na jasho.

Linaitwa bomba la gesi la Afrika Magharibi. Linatoka Nigeria, limepita Benin na Togo, linaishia Takoradi Ghana. Jumla kilomita 678, na kati ya hizo 569 ziko baharini, inchi 20, limelala umbali wa kilomita 15 mpaka 20 toka ufukweni kwenye maji ya mita 30 mpaka 75. Yaani wale walipewa sakafu tambarare sana, sio shimo la Pemba. Linatoa matawi Cotonou, Lomé na Tema.

Sasa sikiliza ratiba ndo utajua kwanini huku kwetu kimya. Wazo lilitajwa na ECOWAS, jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, 1982. Nchi nne zikakubaliana 1995. Mkataba wa kimataifa ukasainiwa Dakar Januari 2003. Ujenzi 2005. Gesi ya kwanza kufika Ghana ni mwisho wa 2008, na biashara yenyewe kuanza rasmi ni 2011. Toka wazo mpaka biashara miaka karibu 30 na kulaza bomba lenyewe ni kipande kidogo cha hiyo miaka! Sisi toka 2021 tunalia.

Walichofanya vizuri, na hapa ndo naomba watu wetu waangalie, ni kwamba hawakuacha kila nchi iwe na sheria zake za bomba. Ule mkataba uliunda mamlaka moja ya kusimamia, makao yake Abuja, kodi ya aina moja, leseni moja, na kampuni moja inayomiliki ambayo ndani yake kuna Chevron ndo mkubwa, NNPC shirika la mafuta la Nigeria, Shell, shirika la umeme la Ghana, na Togo na Benin kila mmoja kahisa kadogo ka asilimia 2 hivi. Watu wanacheka hiyo asilimia 2 ila ina akili, unakuwa na maslahi bomba likipita kwako salama. Benki ya Dunia ikaweka dhamana kwamba Ghana asipolipa gesi wao wapo.

Sasa kilichoharibika.

Moja, gesi yenyewe. Bomba la baharini lilikuwa zima, ila linalishwa na mtandao wa nchi kavu wa Nigeria toka Escravos mpaka Lagos, na huko Delta ya mto Niger watu wakawa wanalipua mabomba. Ghana ikawa inapata pungufu ya ilichoandikiwa karibu muda wote. Mtaalam wa bahari anaweza akafanya kila kitu sawa halafu shida ikatokea kilomita 300 nyuma yake.

Mbili, nanga. Agosti 2012 maharamia walitaka kuparamia meli karibu na Lomé, katika ile purukushani meli ikaburuza nanga ikalivuta bomba likapasuka. Gesi ikakatika mpaka katikati ya 2013. Waghana wana neno lao dumsor, umeme unazima unawaka, yule mwaka tulilijua kwa vitendo, duka la samaki wa kugandisha chini ya ghorofa yetu mama alikuwa anagawa samaki jioni bei ya bure kuliko kuwatupa. Na usiseme ni Afrika, Oktoba 2023 lile bomba la Finland na Estonia lilikatwa na nanga ya meli ya mizigo, likarudi kazini Aprili 2024. Kutafuta tu meli ya matengenezo na vifungio vya saizi yako ni miezi. Kwa hiyo Survea aliposema Chongoleani kutakuwa na meli zinatia nanga sikucheka.

Tatu, deni. Ghana ilikuwa hailipi kwa wakati, Wanigeria wanafunga koki, 2016 ilitokea. Baadaye Ghana wakapata gesi yao wenyewe upande wa magharibi, na kuanzia 2019 bomba likawa linatumika kusukuma gesi ya Ghana toka Takoradi kurudi Tema, yaani kinyume na lilivyojengwa. Mimi naona hiyo ni dua njema, angalau chuma kilikuwepo.

Na ile hoja ya kukwepa fidia, sahau. Lile bomba asilimia zaidi ya 80 liko majini lakini malalamiko yaliyopelekwa Benki ya Dunia 2006 yalitoka kwenye vijiji vya Nigeria kwenye kale kakipande ka nchi kavu, watu wanasema ardhi yao imelipwa kiduchu, na jopo la ukaguzi la benki lilipochunguza likakubali kwamba fidia haikufanywa sawa. Bomba lazima litoke nchi kavu na liingie nchi kavu.

MlaMahamri_001

Hamjambo majirani. Mimi niko Mombasa, na nasikia mwajadili bomba la kuja kwangu bila kuniuliza kama nataka gesi 😀

Kwa ukweli, swali si baharini ama nchi kavu. Swali ni nani huku atanunua na kiasi gani. Stima ya Kenya sehemu kubwa kuliko zote yatoka jotoardhi kule Olkaria, kisha mabwawa na upepo wa Turkana. Huku Pwani tuna mitambo ya mafuta mazito, Kipevu na Rabai, hiyo kweli ingegeuzwa itumie gesi na hewa ingekuwa afadhali, mama yangu akianika nguo Changamwe zaingia vumbi jeusi. Lakini hiyo mitambo si mingi. Kuna viwanda, kuna simiti Bamburi ambayo hata sasa ni ya Watanzania, Amsons walishainunua mwisho wa 2024. Ukiongeza yote bado sidhani yajaza bomba la baharini la kina cha Pemba.

Halafu mseme wazi watu wasidanganyike, hii si gesi ya mtungi. Watu wa mtaani wakisikia bomba la gesi Mombasa wafikiri mtungi wa kilo 13 utashuka bei. Ya mtungi ni LPG, yaja kwa meli, yageuka maji kwa presha ndogo tu. Hii yenu ni methani, haikubali kuwa maji mpaka uipoze nyuzi 160 chini ya sifuri, kuileta jikoni wataka paipu mpaka nyumbani. Hakuna paipu Mombasa hata ya maji masafi yatosha.

Survea_Pwani

MlaMahamri hapo umegusa. Na sisi upande wa kuuza tuna swali letu. Bomba la Mtwara Dar lina uwezo wa futi za ujazo milioni 784 kwa siku na halijawahi kufika hata nusu. Sasa Bwawa la Nyerere limewasha mitambo yote tisa megawati 2,115, gesi ya kuchoma umeme inatafuta kazi nyingine. Hiyo ni hoja ya kuuza. Lakini upande mwingine visima vya Songo Songo vimechoka na leseni yake ni ya mpaka Oktoba 2026, na ile gesi nyingi ya kwenye futi za ujazo trilioni 57 iko kina kirefu inasubiri mradi wa LNG Lindi, wa kuipoza gesi iwe kimiminika, ambao tunausubiri kama mvua za vuli. Mnunuzi wa Mombasa anayetaka mkataba wa miaka 20 atauliza, ni gesi ya kisima gani?

Sheria_Kavu

Nimechelewa ila hakuna aliyegusa sheria, na mtoa mada aliuliza nani anaanza.

Kwanza habari njema. Mpaka wa bahari wa Tanzania na Kenya hauna ugomvi, ulikubaliwa kwa kubadilishana barua 1975 na 1976, na 2009 wakauendeleza mpaka mbali. Kenya na Somalia ndo walifikishana mahakamani The Hague, hukumu ikatoka Oktoba 2021. Fikiria unataka kupitisha bomba kwenye maji ambayo nchi mbili zote zinadai. Sisi hatuna hilo na ni mtaji mkubwa hatuuongelei.

Pili, hapa hakuna nchi ya tatu katikati. Hili watu hawaoni umuhimu wake. Algeria ilikuwa inapeleka gesi Hispania kupitia Morocco, walipokosana Oktoba 2021 mkataba ukaisha na bomba likafungwa, wakabaki na lile la moja kwa moja chini ya bahari. Muuzaji na mnunuzi wakiwa wamepakana, ugomvi unakuwa wa watu wawili tu. Na watu wawili wakiwa na maslahi wanavumiliana, bomba la Dolphin linalotoka Ras Laffan Qatar kwenda Abu Dhabi liliendelea kupeleka gesi miaka yote ile kuanzia 2017 Emirati walipokuwa wameifungia Qatar anga na bandari. Balozi wamefukuzwa, gesi inaenda.

Tatu, sheria ya bahari. Ndani ya maili 12 nchi ni mwenye nyumba kabisa, anaweza kusema sitaki na ukanyamaza. Nje ya hapo kwenye eneo la kiuchumi huwezi kumkatalia mtu kulaza bomba moja kwa moja, ila njia yake mnakubaliana na masharti ya mazingira unaweka. Mfano ni Nord Stream 2, bomba la gesi la Urusi kwenda Ujerumani chini ya bahari, Denmark walipitisha sheria 2017 inayowaruhusu kukataa bomba ndani ya maili 12 kwa sababu za usalama na siasa za nje, Warusi ikabidi wahamishie njia kusini mashariki ya kisiwa cha Bornholm kwenye eneo la kiuchumi, kibali kikatoka Oktoba 2019 baada ya kusubiri zaidi ya miaka miwili. Bomba likamalizika 2021, likanyimwa ithibati, na Septemba 2022 laini yake moja kati ya mbili ikalipuliwa pamoja na Nord Stream 1. Mabilioni yako chini ya maji mpaka leo.

Kwetu bomba karibu lote lingekuwa ndani ya maili 12, tena ukipita mlango wa Zanzibar na Pemba lazima Zanzibar wawe mezani tangu siku ya kwanza, wana mamlaka yao ya mazingira ZEMA. Bara NEMC. Kenya NEMA. Bei huku EWURA, huko EPRA. Hizo ndo saini za kuziunganisha na ndo maana nakubaliana na TemaMpakaTanga kwamba mkataba mmoja na msimamizi mmoja ndo kazi yenyewe. Yale ya 2021 na 2022 ni makubaliano ya nia. Hayamfungi mtu kununua hata futi moja.

Nani anaanza? Karatasi zinaanza serikali. Hela inaanza pale mnunuzi anaposaini kuchukua kiasi fulani kila siku na kulipa hata asipochukua. Bila hiyo karatasi hakuna benki inatoa mkopo, na bila mkopo hakuna meli ya Welda.

ChapatiMaji

Kulipa hata asipochukua?? Hiyo si ndo ile ile tuliyolia nayo kwenye umeme wa dharura

Sheria_Kavu

Ndo hiyo hiyo mkuu. Haikwepeki, unachoweza kujadiliana ni kiasi na miaka. Ukisaini kiasi kikubwa kuliko matumizi yako umeumia, ukisaini kidogo bomba halijengwi.

Welda_Mstaafu

Naomba niseme moja kuhusu mazingira maana watu wanadhani ni kelele za wazungu kuchelewesha Waafrika. Bomba la Baltic Pipe, la gesi ya Norway kupita Denmark kwenda Poland, 2021 kibali cha upande wa nchi kavu Denmark kilifutwa kwa sababu ya panya wadogo wa porini na popo. Panya! Wakasimamisha vipande, wakaandika upya, bomba likafunguliwa Septemba 2022 ila uwezo wote ukaja miezi miwili baadaye. Sasa kama panya anasimamisha kazi kule, silikanti wetu ambaye yuko kwenye vitabu vya dunia nzima atashindwaje. Unapanga naye tangu mwanzo, humkuti njiani.

KijanaWaKinyerezi

Nimewaelewa wakuu. Kwa hiyo kwa maoni yenu lijengwe wapi? Nchi kavu?

Survea_Pwani

Mimi kura yangu nchi kavu mpaka Tanga bila kuuliza. Tanga yenyewe ina viwanda vya simenti na chokaa vinavyoweza kuchukua gesi njiani, bomba la baharini linawapita wote hao linawaangalia. Pia korido ya EACOP inakuja mpaka Tanga, watu wameshahesabiwa, udongo umeshapimwa, kuna mengi ya kuazima hata kama bomba ni jingine. Toka Tanga kwenda Mombasa kupitia Horohoro na Lunga Lunga ni karibu tu. Bahari ningeiacha kwa vipande, kuvuka ghuba, mikoko, maeneo ambayo fidia imekuwa vita.

TemaMpakaTanga

Naunga mkono. Na lianze dogo lenye nafasi ya kukua. Lile la Afrika Magharibi lilianza na uwezo wa futi za ujazo milioni 170 kwa siku, ukiongeza mashine za kusukuma linafika 474. Chuma kile kile. Hamna haja ya kuweka mitambo yote siku ya kwanza kumfurahisha mgeni rasmi.

MlaMahamri_001

Na Dongo Kundu, kule eneo la viwanda, liishie hapo, msinipitishie Likoni nyumbani kwetu 😀 Kwa uzito lakini, wakiamua bahari nitajuaje kama mradi umeanza kweli ama ni siasa za kura?

Survea_Pwani

Angalia matangazo kwa mabaharia. Meli ya survei haiwezi kuburuza vifaa nyuma yake kwenye maji ya Mombasa au Tanga bila mamlaka kutoa tangazo la maeneo na tarehe ili manahodha wakae mbali, na BMU za huko Vanga, Shimoni, Moa wataitwa kikao kabla. Ukiona wavuvi wa Vanga wameitwa kikao na wakapewa soda na nauli, njoo utuambie humu.

ChapatiMaji

Vanga nina shemeji yangu ana ngalawa, nitampigia kesho